Theodori Alikula Sahani Tatu

Tangu Kwaresima akina mama wa jumuiya yetu wananiandama niandike habari za Febronia. Eti mimi ndiye niliyekaa naye jirani miaka mingi, eti mimi ndiye ninayejua. Wao walikuwa wapi? Walikuwepo wote, na macho wanayo. Wengine wamemaliza darasa la saba na hati zao nzuri, lakini kalamu nikabidhiwe mimi niliyeishia darasa la pili. Haya, nimeandika. Sitaki mtu aje kunisahihisha.

Febronia hakuzaliwa Ifakara. Alizaliwa huko juu, upande wa Mahenge, akaolewa na Theodori kanisani mwaka 1959, akiwa binti wa miaka kumi na minane. Mwaka uliofuata wakashuka bondeni kufuata mpunga, wakajenga hapa Lipangalala, nyumba ya udongo ya vyumba viwili, ile ile anayokaa mpaka leo.

Maisha yao yalikuwa kama ya watu wote wa hapa. Mvua zikianza wanafunga nyumba, wanavuka mto na masufuria, mikeka na kuku kwenye tenga, wanakwenda kukaa shamba. Huko unajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi, unalala huko huko ukilinda mpunga, mchana ndege, usiku nguruwe. Mkishavuna mnarudi mjini na magunia. Febronia alijifungua watoto wawili juu ya dungu, na wa pili alijifungua ndege wakiwa wameshatua shambani, akawa anapiga debe kwa mguu kuwafukuza. Alizaa saba, wanne wako hai. Wa kwanza ni Eveline, aliyeolewa Sanje, ndiyo maana wenyewe waliitana Baba Eveline na Mama Eveline.

Na Theodori tusimpake matope bure. Alikuwa mwanaume mrefu, mwenye sauti, mcheshi. Reli ilipojengwa alifanya kazi ya kuchimba huko Mlimba, na kila alipopata ruhusa alikuja na sukari na khanga. Hakumpiga mkewe hata siku moja, na hilo Febronia hulisema bila kuulizwa. Alikuwa na kasoro moja tu. Kosa lake halikuwahi kupita mdomoni mwake. Akivunja mtungi, mtungi ulikuwa na ufa. Akichelewa, njia ilikuwa mbaya. Febronia alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza, akalibeba, maana wakati ule makosa yenyewe yalikuwa ya mitungi.

Mwaka 1991 Theodori akasema shamba la ng'ambo limechoka, anakwenda kujaribu Mlimba msimu mmoja. Akapanda treni na jembe, panga na shuka moja. Msimu mmoja ukawa mitano. Wanawake wanaopeleka ndizi kwa treni ndio walioleta habari kwamba Theodori ana nyumba kule, na ndani ya nyumba kuna mwanamke.

Febronia aliwauliza neno moja tu. "Anajua kupika?"

"Tunasikia hajui."

"Basi atakonda."

Akaendelea kupeta mchele wake. Watu wakasema huyu mama ana moyo wa jiwe. Hana moyo wa jiwe. Hakutaka kulia mbele ya wauza ndizi.

Kilichomuuma hasa kilikuja baadaye, mwaka 1993, mwezi wa tatu, maji yamejaa kila mahali. Alikuwa peke yake shamba. Asubuhi ngazi ya dungu ilikuwa imelowa, akateleza, akaanguka, mguu ukavunjika juu ya goti. Alikaa pale chini mpaka jua linapinduka ndipo wavuvi waliposikia akipiga debe. Wakamtoa kwa mtumbwi, akalazwa hospitali wiki kumi na moja, mguu umefungwa uzito. Beatus, mdogo wake Theodori, akapanda treni mwenyewe kwenda Mlimba kumwita kaka yake. Akarudi peke yake.

"Shemeji, umemkuta?" Febronia akamuuliza kutoka kitandani.

"Nimemkuta."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia mlangoni kwake, mke wako amevunjika mguu."

"Akasemaje?"

Beatus akatazama sakafu. "Alisema mpunga unatoa masuke, hawezi kuuachia ndege."

Febronia akageuza uso ukutani. Yeye alivunjika akilinda mpunga wao, na mwenzake alishindwa kuja kwa sababu analinda mpunga wa mwanamke mwingine. Tangu hapo anatembea na fimbo.

Mwaka 1996 mpunga ulipokwisha kuvunwa, Theodori akarudi Ifakara. Kaka zake yule mwanamke walikuwa wamemwambia aondoke, akaondoka. Akafikia kwa Beatus, nyumba ya sita kutoka kwa Febronia. Akamtuma dada yake mkubwa, Apolonia, aende akamsemee. Apolonia ni mama wa maneno mengi na moyo mzuri, ndiye mwenye sauti katika ukoo wao.

"Wifi, ndugu yangu amechoka," akasema. "Mpokee. Kitanda unakijaza peke yako?"

"Kitandani nalala na fimbo yangu, haikoromi," Febronia akamjibu. "Aje mwenyewe, afanye kama wazee wetu walivyofanya. Nimefunga mlango?"

Sasa niwaambie walivyofanya wazee wao, maana nyie wa leo mnakimbilia baraza la usuluhishi. Katika koo zile mbili, mume na mke wakiachana halafu wakataka kurudiana, hakuna barua. Wanaitwa watu wa pande zote mbili wakae washuhudie. Mke anapika kwa moto wake, kwa chungu chake. Mume ananawishwa, anasema kosa lake kwa mdomo wake, kisha anakula. Akishakula imekwisha, wamerudiana, na wala mke hawezi tena kumfukuza kwa kosa lile. Ndivyo tu.

Na ukweli ni kwamba Febronia alimtaka. Aliniambia mwenyewe, na simsingizii. Miaka sitini inakaribia, mguu mbovu, kuvuka mto peke yake kila mwaka, nani anataka? Lakini alitaka neno lile kwanza. Neno la mguu. Akisikia kutoka mdomoni mwa Theodori kwamba aliitwa na hakuja, atapika. Asiposikia, hapiki. Hapo ndipo waliposimama, mmoja nyumba ya kwanza, mwingine nyumba ya sita, wiki zikapita.

Mwezi wa nane wakaja wapiga picha za video kutoka Morogoro, vijana sita na jenereta lao. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa kufundisha watu wa ndoa. Mzee na bibi wamekaa pamoja miaka thelathini na zaidi, mzee anamwacha bibi, wanataabika wote wawili, mwishoni mzee anarudi na bibi anampokea. Wazee wenyewe walikuwa vijana waliojipaka unga kichwani. Febronia akapita na ndoo yake, akasimama kutazama.

"Huyo ni mzee," akauliza kwa sauti, "au ametoka mashineni kusaga?"

Watu wakacheka mpaka kamera ikazimwa. Kiongozi wao, kijana mmoja mpole aitwaye Anselim, badala ya kukasirika akamfuata. "Shikamoo mama. Je, wewe ungeweza?"

"Marahaba. Kuwa bibi? Mbona ninaweza tangu zamani."

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye mchezo. Mume wake wa mchezo alikuwa mzee Sebastiani, mpiga ngoma wa kanisani. Siku mbili walifanya vizuri, na siku ya pili Sebastiani akamwambia "Nisamehe mke wangu" kwa mara ya kwanza ili wajaribu sauti. Siku ya tatu Sebastiani akaamka na malaria, hawezi hata kukaa. Vijana wa Morogoro walikuwa na siku moja tu iliyobaki. Anselim akazunguka kutafuta mzee mwingine, akarudi uani kwa Febronia amefurahi, nyuma yake Theodori.

"Mama, tumepata mwingine, mrefu, ana sauti nzuri. Sijui mnafahamiana?"

Uani pale kulikuwa na watu wasiopungua arobaini. Wote walijua, na hakuna aliyetaka kumwambia yule kijana, maana kila mtu alitaka kuona.

"Namwona kanisani," Febronia akasema.

Angeweza kukataa. Lakini akikataa, wangesema bado anamuuma. Akakubali.

Kilichobaki kupigwa kilikuwa mwisho wa mchezo, mzee anarudi, bibi anampakulia chakula. Vijana walikuja na wali wao walioupika asubuhi, mchele wa mapembe, umegandana na umepoa, umebaki kama sabuni. Febronia akafunua sufuria, akafunika.

"Hiki ndicho nionekane nacho? Watu wa Morogoro waseme Febronia wa Lipangalala anampa mume chakula cha mbwa?"

"Mama, kwenye picha hauonekani kama umepoa," Anselim akamwambia.

"Mimi ninauona."

Akaingia ndani, akatoa mchele wake wa supa, akakuna nazi, akawasha moto wake, akabandika chungu chake. Akakaanga na kambale. Harufu ikafika barabarani. Hapo ndipo Febronia alipokosea, na alikosea kwa kiburi cha jikoni, si kwa ujinga. Siku ile alifikiria wali tu. Hakumfikiria atakayeula.

Wakapiga picha. Theodori akaingia na fimbo, akanawishwa, akasema, "Nisamehe mke wangu, nimekosa," akaanza kula. Mara ya kwanza jogoo akarukia mkekani, ikaharibika, na sahani ilikuwa imeshaisha. Wakarudia. Mara ya pili, aliposema nisamehe, watu wakaangua kicheko, na sahani ikawa imeisha tena.

"Mzee, usimalize, onja tu," Anselim akamwomba.

"Wali huu hauonjwi," Theodori akasema.

Mara ya tatu ikawa nzuri. Sahani ya tatu nayo ikaisha. Vijana wakashukuru, wakafunga mitambo, wakaondoka, na kila mtu akarudi kwake, Theodori kwa Beatus.

Mwezi wa kumi na moja vijana wakarudi kuonyesha mkanda katika ukumbi wa parokia. Tulijaa mpaka madirishani. Ndugu wa Theodori walikuwepo, ndugu wa Febronia walioshuka kutoka Mahenge kwa ajili hiyo walikuwepo, Apolonia kakaa mbele kabisa. Ikafika ile sehemu. Febronia yule pale kwenye televisheni, ameinama na mguu wake mbovu, anamwagia Theodori maji mikononi. Theodori anasema nisamehe. Anakula. Apolonia akasimama akapiga vigelegele, na ukumbi mzima ukapokea. Hapo ndipo watu walipoanza kuangaliana. Moto wake. Chungu chake. Pande zote mbili zimekaa, zimeshuhudia.

Febronia alikuwa amekaa nyuma. Akatoka kabla taa hazijawashwa.

Asubuhi, hodi. Theodori yuko mlangoni, baiskeli ya Beatus imebeba godoro, jembe na begi.

"Unakwenda wapi na godoro, Baba Eveline?"

"Nimerudi."

"Kutoka wapi?"

"Mama Eveline, watu wote wameona. Umenilisha."

Febronia akamtazama, akatazama godoro. Hakumfukuza. Alijua amejifunga mwenyewe. Akasema, "Weka mzigo wako barazani. Wewe kalale kwa mdogo wako mpaka Jumapili, tukae na wazee."

Godoro likakaa barazani siku nne. Kuku wakalipenda.

Jumapili baada ya misa tukakaa kwenye baraza ile, sisi wa karibu na wale wa ukoo. Apolonia akaanza, hana haya huyo.

"Wifi, ulipika au hukupika?"

"Nilipika."

"Moto wa nani?"

"Wangu."

"Chungu?"

"Changu."

"Ndugu yangu alikula?"

"Sahani tatu."

Watu wakacheka. Apolonia akapiga makofi. "Haya, sisi tunalisha mara moja, wewe umelisha mara tatu! Unabisha nini?"

"Sibishi, wifi. Nimemlisha, sina pa kukimbilia. Lakini kuna la kwake kabla ya kula. Hajasema kosa lake."

"Amesema! Nisamehe mke wangu, nimekosa. Tumesikia ukumbi mzima."

"Hiyo ni nisamehe ya Anselim," Febronia akasema. "Mzee Sebastiani naye aliniambia hivyo hivyo siku moja kabla yake. Sasa niwe mke wa Sebastiani?"

Hapo hata ndugu wa Theodori walicheka, na mke wa Sebastiani alicheka kuliko wote. Theodori peke yake hakucheka. Alikuwa anazungusha kofia yake magotini.

Febronia akamgeukia. Sasa hakuwa anatania. "Baba Eveline, sikuulizi habari za mwanamke. Hayo nimeyamaliza. Ninauliza moja. Beatus alipokuja mlangoni kwako Mlimba, ulisikia, hukusikia? Sema nilisikia na sikuja. Ukisema hivyo, jembe lako liingie ndani leo, na mpunga tukaupande wote."

Theodori akasema, "Habari ile ilinifikia nusunusu."

"Nusu ipi?"

"Nilisikia unaumwa."

Beatus akainua kichwa. Ni mtu asiyependa ugomvi, na kaka yake alikuwa anakula kwake. "Kaka, nilikwambia mguu umevunjika. Nilisimama mlangoni nikakwambia."

"Labda ulisema."

"Nilisema."

"Mimi ni mtu mzima," Theodori akasema, sauti imepanda. "Siwezi kuhojiwa kama mtoto anayetaka komunyo. Nimerudi, haitoshi? Mzigo wangu uko hapo, watu wanauona."

Sasa Apolonia mwenyewe, aliyekuja kumtetea, akamsogelea, akamwekea mkono begani. "Theodori, baba, sema. Ni neno moja. Sisi ni ndugu zako, hakuna atakayekucheka. Sema, tule, twende nyumbani."

Tukamngoja. Nilimtazama Febronia. Alikuwa amekaza fimbo kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inasogea, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma, anamsaidia neno kwa mbali. Miaka thelathini na saba imefika pale, kwenye neno moja, na yeye ndiye aliyekuwa analivuta.

Theodori akafungua mdomo. Akasema, "Mpunga ulikuwa unatoa masuke."

Febronia akaacha kusogeza midomo. Akajiinua kwa fimbo yake. "Haya," akasema. "Shemeji Beatus, mchukulie kaka yako godoro. Mvua inakuja."

Hakuna aliyebisha, hata Apolonia. Alikunja khanga yake, akasema kwa kunong'ona kwamba alishwe mara ngapi huyu, akashika mwenyewe begi la ndugu yake. Beatus akapakia godoro kwenye baiskeli. Theodori akatembea nyuma na jembe begani, mpaka nyumba ya sita, na mvua ilinyesha kweli kabla hawajafika.

Mwezi uliofuata Febronia akavuka mto pamoja na Ester, mjane wa nyumba ya nyuma. Wakajenga dungu moja la watu wawili, fupi, ngazi ya vipago vitatu tu, wakalinda pamoja, wakavuna magunia kumi na mawili. Padre akamwita kumuuliza habari za ndoa yake. Febronia akamwambia, "Ndoa ipo, Padre. Mume ndiye hayupo." Padre hakumwita tena. Theodori yupo mpaka leo kwa Beatus. Wanaonana kila Jumapili, yeye upande wa wanaume, Febronia upande wa wanawake, wakitoka wanasalimiana. "Umeamkaje, Baba Eveline." "Nimeamka salama, Mama Eveline." Kila mmoja anashika njia, na njia yenyewe ni moja.

Mkanda ule wanauzungusha huko na huko. Watu wa Kidatu wameuona, hata Mlimba umefika. Kuna wageni wakimwona sokoni wanamshika mkono, wanamwambia bibi, tulilia ulivyomsamehe mzee. Febronia anawaambia ile ilikuwa kazi, halafu anawaonyesha mchele wake.

Nimemaliza. Vidole vinaniuma, na mafuta ya taa niliyochoma ni yangu. Sasa na wewe uliyesoma mpaka hapa ukakaa kimya kama umeangalia video ya bure, chukua kalamu. Andika habari za jirani yako mmoja, kurasa mbili, kwa wino na si kwa penseli, herufi kubwa, maana macho yangu ni haya haya. Usimpe katekista. Niletee mimi mwenyewe kabla ya Pentekoste.